Kabla ya Kuchimba Mtaro wa Pili Kwenda Rubavu

Katika gharama zote za mkongo wa mawasiliano, kioo chenyewe ndicho cha bei rahisi. Pesa huliwa na jembe na sururu: kibali cha kupita kando ya barabara, mtaro, bomba la plastiki, kufukia, kurudisha lami pale ilipokatwa, na fidia ya mwenye shamba la viazi. Kutoka Kigali hadi Gisenyi, mji wa Wilaya ya Rubavu, ni kilomita 155 hivi za barabara inayopanda na kushuka milima, ikipita Musanze na kuambaa chini ya safu ya volkeno. Sehemu ya mwisho imekaa juu ya mawe ya lava, na mawe hayo hayamwonei huruma mchimbaji. Kwa hiyo mtu akilalamika kwamba intaneti ya Rubavu imeelemewa na dawa yake ni mkongo mpya, inafaa aulizwe kwanza ule uliopo umetumika kiasi gani.

Rwanda ilikamilisha mkongo wake wa taifa mwaka 2011: zaidi ya kilomita 2,300 zilizolazwa na kampuni ya Korea Telecom kwa karibu dola milioni 95, zikifika wilaya zote 30 na vituo vya mpakani. Uzi wa kawaida wa mkongo kama huo, ule wa kiwango kinachoitwa G.652, unaweza kupitisha makumi ya terabiti kwa sekunde ukifungiwa mitambo bora ya leo. Kioo hakijui kama kinabeba gigabiti moja au elfu kumi. Kinachoamua ni vifaa vilivyo kwenye ncha zake mbili, na huko ndiko kwa kutafuta uwezo wa bei nafuu kabla ya kumwita mwenye tingatinga.

Mji wenyewe unahitaji kiasi gani? Sensa ya 2022 iliikuta Wilaya ya Rubavu na watu zaidi ya nusu milioni. Tufanye hesabu ya dhana tu. Chukua kaya 20,000 zilizounganishwa na mkongo, saa tatu usiku, mechi ya ligi ya Uingereza ikiwa hewani, na kila kaya ikivuta kwa wastani megabiti 2 kwa sekunde. Hiyo ni gigabiti 40. Ongeza hoteli za ufukweni mwa Ziwa Kivu, benki, hospitali, kiwanda cha bia cha Bralirwa kilichopo hapo tangu miaka ya 1950, pamoja na minara ya simu ambayo nayo hutegemea mkongo, na kwa ajili ya hayo yote zidisha mara mbili ili usije ukalaumiwa kwa ubahili. Unapata gigabiti 80. Kwa mji wa mpakani ni mzigo mkubwa, lakini kwa uzi wa kioo ni mzigo mdogo mno.

Njia ya kwanza ya kuongeza uwezo haina heshima yoyote, pengine ndiyo sababu husahaulika: kusafisha. Moyo wa uzi, pale mwanga unapopita, una upana wa mikromita 9 tu. Chembe moja ya vumbi kwenye konekta inatosha kuziba sehemu kubwa ya mwanga huo, na vumbi la Gisenyi, lililotokana na udongo wa volkeno, ni laini na linaingia kila mahali. Fundi mwenye kalamu ya kusafishia na darubini ndogo ya kukagulia ncha anaweza kurudisha desibeli mbili au tatu zilizopotea, na desibeli tatu ni nusu nzima ya mwanga. Baada ya hapo hupimwa uzi mzima kwa OTDR, mashine inayorusha mwanga na kusoma mwangwi wake, ili kujua ni kiungo kipi kiliungwa ovyo usiku wa mvua na hakuna aliyerudi kukirekebisha. Bila vipimo hivyo, mapendekezo yote yanayofuata ni kubahatisha.

Hatua ya pili ni kubadilisha transiva, vile vifaa vidogo ambavyo mafundi huviita SFP tu. Kampuni nyingi ndogo bado zinawasha gigabiti moja kwenye uzi unaoweza kubeba kumi bila kuguswa. Tena mtindo wa zamani hutumia nyuzi mbili kwa kila kiungo, mmoja wa kwenda na mwingine wa kurudi. Zipo transiva za pande mbili zinazotuma kwa rangi moja na kupokea kwa nyingine juu ya uzi mmoja, kwa mfano nanomita 1490 upande huu na 1550 upande ule. Anayekodi nyuzi kwa kuhesabu moja moja anaweza hivyo kukata kodi yake nusu, au kubaki na kodi ile ile na kupata njia mbili badala ya moja. Nimeshangaa mara nyingi kuona jambo rahisi hivi likiachwa, wakati fedha za kununua kompyuta mpya za ofisini zinapatikana.

Rangi hizo jicho halizioni, kwa sababu ziko mbali zaidi ya wekundu wa mwisho tunaouona. Lakini kwa kioo ni rangi kweli, na nyingi zinaweza kupita pamoja bila kugombana. Hapo ndipo panapoanza uwanja mtamu wa somo hili. Ukitaka kuona faida yake, simama kwenye kivuko cha mpakani cha Petite Barrière asubuhi, umati wa wafanyabiashara ukiwa unavuka kwenda na kutoka Goma, upande wa Kongo: foleni hupungua madirisha ya kugonga mihuri yakiongezwa, na barabara inabaki na upana ule ule.

Mfumo wa bei ya chini unaitwa CWDM. Umegawa mwanga katika rangi 18, kuanzia nanomita 1271 hadi 1611, kila moja ikiachiwa nafasi ya nanomita 20. Nafasi hiyo pana ndiyo siri ya unafuu wake, kwa kuwa leza haihitaji kupozwa wala kudhibitiwa kwa makini sana. Kisanduku kinachochanganya rangi hizo upande mmoja na kuzitenganisha upande wa pili ni kioo na vichujio tu. Hakitumii umeme, hakina programu ya kusasisha, hakiungui radi ikipiga. Gharama yake hukaa kwenye mamia ya dola. Katika mji ambapo kila kifaa kinachokula umeme hudai pia betri, jenereta na mlinzi wa kulinda dizeli isiibwe, kisichokula umeme kina thamani kubwa kuliko inavyosema bei yake.

Sasa tukipeleke kisanduku hicho barabarani. Tuseme Kigali hadi Musanze ni kilomita 93 na Musanze hadi Gisenyi ni 62. Kwenye karatasi uzi hupoteza desibeli 0.2 kwa kilomita katika rangi ya 1550, lakini ukihesabu viungo na uzee, 0.25 ni namba ya mtu mkweli. Kipande cha Musanze hadi Gisenyi kinakula desibeli 15.5. Transiva ya gigabiti 10 inayouzwa kama ya kilomita 80 huvumilia desibeli 23 hivi. Visanduku viwili vya rangi nane vitakula nyingine tano, na bado unabaki na akiba ya mbili au tatu. Rangi nane mara gigabiti 10 ni gigabiti 80, yaani ule mzigo wote tuliouweka kwenye hesabu ya mji, juu ya jozi moja ya nyuzi na kwa vifaa ambavyo kampuni ya wastani inaweza kuvilipia bila kwenda benki.

Muuzaji hataeleza kwa nini rangi ni nane tu na siyo zote 18. Rangi za chini, zile za karibu na 1310, hupoteza desibeli 0.35 au zaidi kwa kila kilomita. Kwa kilomita 62 hazifiki na nguvu ya kutosha. Halafu nyuzi za zamani zina doa karibu na nanomita 1383, palipobakia unyevu wakati wa kutengeneza kioo, na mwanga wa hapo humezwa. Nyuzi za kizazi cha G.652D ziliondolewa doa hilo. Kwa safari ndefu basi zinafaa zile za kuanzia 1471 kwenda juu. Rangi 18 kamili ni za mjini, kati ya kituo cha simu na jengo la mkoa, siyo za kupanda mlima.

Kipande cha Kigali hadi Musanze ndicho kinachoharibu sherehe. Kilomita 93 zinakula desibeli 23 hata kabla ya kisanduku kuwekwa, na transiva yetu imekwisha pumzi. Hata kama ingekuwa na nguvu, mwanga wa gigabiti 10 ukisafiri zaidi ya kilomita 80 hivi huanza kutawanyika: mapigo yanapanuka na kuingiliana, mpokeaji hajui moja lilikoishia na jingine lilikoanzia. Unaweza kuweka kituo cha katikati, mathalani Gakenke, na kuupokea mwanga kisha kuutuma upya. Lakini kuufufua mwanga wa rangi nane kunataka transiva 16 pale katikati, swichi, umeme, betri na mtu wa kuamka usiku. Ikiwa rangi ni mbili au tatu, kituo hicho kinalipa. Zikifika sita, mizani inaanza kuegemea upande mwingine.

Upande huo mwingine ni DWDM. Hapa rangi hukaa karibu karibu, nanomita 0.8 tu kati ya moja na jirani yake katika mpangilio wa gigahezi 100, na 40 hivi huingia ndani ya ukanda wa 1530 hadi 1565. Ukanda huo haukuchaguliwa kwa bahati. Ndiko kinakofanya kazi kikuza mwanga cha ebiamu, uvumbuzi uliotoka Chuo Kikuu cha Southampton na maabara za Bell katika nusu ya pili ya miaka ya 1980. Kifaa hicho hukuza rangi zote kwa pamoja bila kuzigeuza kuwa umeme, na ndicho kilichofanya nyaya za baharini ziwe na maana zilizo nayo leo. Kikuza kimoja Kigali na kingine Musanze, pamoja na kifaa cha kunyoosha mtawanyiko, vinavuka zile kilomita 93, na Gakenke inabaki na viazi vyake kwa amani. CWDM haiwezi kunufaika namna hiyo, maana rangi zake mbili tu ndizo zinazoangukia ndani ya ukanda huo.

Mbili hizo, hata hivyo, zinafungua mlango wa ujanja ambao mafundi wenye mifuko myepesi wanaupenda. Tundu la 1530 na lile la 1550 kwenye kisanduku cha CWDM yana upana wa kutosha kupitisha kundi la rangi nyembamba za DWDM. Unaanza na CWDM leo. Ikijaa, unachomeka kisanduku cha pili kwenye tundu la 1550 na kupata rangi nane mahali palipokuwa na moja, bila kuzima zile nyingine zilizokwisha kuwa na wateja. Uwezo unakua kadiri wateja wanavyolipa, jambo ambalo mtaro hauwezi kukupa. Mtaro unadai pesa zake zote siku ya kwanza.

Kuna pia soko la mitumba. Makampuni makubwa ya Ulaya na Marekani yanang'oa mitambo ya DWDM ya rangi 40 za gigabiti 10 na kuiuza kwa sehemu ndogo ya bei ya awali. Kwa Rubavu mtambo kama huo ungekuwa utajiri wa miaka kumi. Ushauri wangu ni wa tahadhari, siyo wa kukataa. Mtambo wa zamani unakula umeme mwingi, unatoa joto, na wakati mwingine umefungwa kwa leseni ambayo mtengenezaji hauzi tena. Anayenunua mmoja na anunue miwili, wa pili ukawe spea. Asiyeweza kununua miwili hajaweza kununua mmoja.

Mshindani mpya wa mitumba ni transiva zenye akili, zinazosoma siyo tu kuwaka na kuzima kwa mwanga bali pia awamu na mwelekeo wa wimbi lake, na kunyoosha mtawanyiko kwa hesabu ndani ya chipu. Zamani kazi hiyo ilihitaji kabati zima. Tangu kiwango cha 400ZR kilipotangazwa mwaka 2020, gigabiti 400 zimeingia ndani ya kifaa kisichozidi kidole gumba kwa upana, kilichokusudiwa njia zenye vikuza za hadi kilomita 120. Angalia vipande vyetu: 93 na 62. Vyote vimo. Jozi moja ya vifaa hivyo kwenye kila kipande ingefanya kazi ya rangi 40 za kale. Bei inashuka kila mwaka kwa sababu vituo vikubwa vya data duniani vinavinunua kwa maelfu. Gharama iliyofichika iko kwenye ruta: vifaa hivi vinataka tundu la gigabiti 400, na ruta nyingi zilizopo katika miji ya kanda hii hazina. Anayelinganisha bei ya transiva na bei ya transiva amelinganisha nusu ya jambo.

Mpaka hapa nimezungumza kama kwamba anayetaka kuongeza uwezo ndiye mwenye nyuzi. Mara nyingi siye. Mtoa huduma mdogo wa mji kama Gisenyi hununua megabiti kutoka kwa mwenye mkongo, na hauziwi uzi mtupu wa kuwasha atakavyo. Ujanja wote wa rangi unabaki upande wa muuzaji, ambaye hana haraka ya kuutumia ikiwa uhaba ndio unaomwezesha kuuza kwa bei ya juu. Rwanda imelionja suala hili kwa namna yake. Mwaka 2013 iliundwa KT Rwanda Networks, mtandao mmoja wa jumla wa 4G ambao makampuni ya simu yalipaswa kununua kwake huduma hiyo badala ya kila moja kujenga wake. Faida ilikuwa wazi: minara haikurudufiwa, na nchi ndogo yenye milima ikafunikwa kwa kasi kuliko majirani wengi. Hasara nayo ilikuwa wazi: muuzaji alikuwa mmoja. Sera ilipolegezwa kuanzia 2022, MTN na wenzake wakaanza kuwasha 4G yao wenyewe. Somo kwa mkongo siyo kwamba kushirikiana ni kubaya. Kushirikiana mtaro na nguzo kunaokoa pesa nyingi. Kushirikiana kwa megabiti zilizopimwa na mtu mmoja ndiko kunakoleta manung'uniko.

Kwa hiyo swali la maana kwa RURA, mdhibiti wa Rwanda, ni dogo na la kiufundi: je, mwenye mkongo uliojengwa kwa fedha au idhini ya umma anawajibika kukodisha rangi moja, na siyo megabiti tu? Kukodisha rangi hakumpunguzii mwenye mkongo chochote, maana nyingine 39 zinabaki zake. Mpangaji naye anapata uhuru wa kuweka gigabiti 10 leo na 400 kesho bila kurudi mezani kujadili bei. Chanzo kingine cha nyuzi kipo juu ya vichwa vyetu. Laini za umeme za msongo mkubwa siku hizi hujengwa zikiwa na nyuzi za mawasiliano ndani ya ule waya wa juu kabisa, wa kukinga radi. Kenya Power imekuwa ikikodisha nyuzi zake kwa makampuni ya simu kwa zaidi ya muongo mmoja. Waya wa juu haukatwi na tingatinga la mkandarasi wa barabara, na njia yake haifuati barabara, sifa ambayo Rubavu inaihitaji kwa sababu nitakazozieleza punde.

Lakini uwezo wa bei rahisi kuliko wote ni ule wa data isiyosafiri. Kutoka Rwanda kwenda baharini kuna milango miwili mikubwa, mmoja kupitia Uganda na Kenya hadi Mombasa, mwingine kupitia Tanzania hadi Dar es Salaam, na baada ya hapo nyaya za SEACOM, EASSy na wenzake. Kila video iliyotazamwa Gisenyi ikitoka Marseille imelipiwa nauli ya safari hiyo yote. Mwaka 2015 Internet Society ilichapisha utafiti kuhusu Rwanda wenye hesabu ya kusikitisha: mwenye tovuti aliyeihifadhi ng'ambo aliokoa dola 111 kwa mwaka, wakati watoa huduma wa ndani walilipa dola 13,500 kuirudisha nyumbani kwa wasomaji wale wale wa Rwanda. Kenya inaonyesha upande wa pili wa sarafu. Kituo cha kubadilishana intaneti cha Nairobi, KIXP, kilikuwa kikipitisha gigabiti moja mwaka 2012, kikafika 19 mwaka 2020, na sehemu ya data inayopatikana ndani ya nchi ikapanda kutoka asilimia 30 hivi hadi karibu 70.

Kigali ina kituo chake, RINEX, tangu 2004, na data nyingi za Google na wengine hutolewa kwenye seva za akiba zilizo karibu. Hilo linapunguza mzigo wa baharini, lakini halipunguzi mzigo wa Kigali hadi Rubavu hata kwa megabiti moja. Ili kipande hicho kipumue, seva ya akiba inapaswa kukaa Gisenyi penyewe. Wenye maudhui makubwa huzitoa bure, ila kwa mtandao uliofikisha kiwango fulani cha matumizi, na mtoa huduma mmoja mdogo wa Rubavu hafikishi. Wakiungana watatu au wanne, wakakutana kwenye swichi moja, hesabu inabadilika. Seva moja yenye video zinazotazamwa zaidi inaweza kukata sehemu kubwa ya mzigo wa usiku, na gharama yake ni chumba, umeme na kiyoyozi.

Hapa niseme neno juu ya wanaouza masanduku ya kubana data na kuhifadhi kurasa. Miaka ya 2000, sehemu za intaneti za mitaani zilitegemea programu ya Squid kuhifadhi kurasa zilizokwisha kufunguliwa, na ilisaidia kweli. Leo karibu kila kitu kimefungwa kwa usimbaji, na sanduku lililo katikati ya njia halioni kilichomo. Anayeuza ahadi ile ya zamani aombwe kuionyesha kwenye mtandao wa leo kabla ya kulipwa. Afadhali programu huria za kupanga foleni za data, kama fq_codel iliyoingia kwenye Linux mwaka 2012: haziongezi hata biti moja, ila zinazuia upakuaji wa mtu mmoja usiikwamishe simu ya video ya jirani yake, na mteja huona kama kwamba kasi imepanda.

Ng'ambo ya mpaka, mwendo wa dakika chache kwa miguu, kuna Goma na watu wake wanaokaribia au kuzidi milioni mbili. Kijiografia Gisenyi na Goma ni mji mmoja. Kimtandao, ujumbe kutoka nyumba ya upande huu kwenda nyumba ya upande ule unaweza kupanda hadi Kigali, Nairobi, au hata Ulaya, kabla ya kushuka tena mita mia chache kutoka ulikoanzia, kutegemea nani amekubaliana na nani. Goma nako kuna kituo cha kubadilishana, GOMIX, kilicho chini ya chama cha watoa huduma wa Kongo. Kuunganisha pande mbili kungehitaji uzi usiofika hata kilomita tano na transiva za bei ya chini kabisa. Mzigo wa miji miwili ukihesabiwa pamoja ungetosha kabisa kuwavuta wenye seva za akiba. Hakuna njia nyingine katika orodha yote hii inayotoa gigabiti nyingi hivyo kwa pesa chache hivyo, na hakuna iliyo ngumu zaidi. Mdhibiti wa upande wa Kongo ni ARPTC, wa huku ni RURA. Tangu waasi wa M23 walipoiteka Goma mwishoni mwa Januari 2025, hata swali la nani ana mamlaka ya kutia sahihi halina jibu jepesi. Mhandisi anaweza kuandaa mchoro. Kuuwasha siyo kazi yake.

Kwa upande wa majumbani nitapita haraka, maana huko shida ni ndogo kuliko matangazo yanavyodai. Mtandao wa GPON hugawa gigabiti 2.5 kwa nyumba 32 au 64 kwa kigawanyio cha kioo kisichotumia umeme. Kizazi kinachofuata, XGS-PON, kinatoa gigabiti 10 juu ya kioo kile kile, kwa kuwa kinatumia rangi za 1577 na 1270 wakati GPON inakaa kwenye 1490 na 1310. Wateja wa zamani na wapya huishi pamoja bila nguzo moja kuguswa. Lakini kubadilisha vifaa vya majumbani wakati njia ya kwenda Musanze imejaa ni kuweka mabomba mapana nyumbani wakati tangi ni tupu.

Kinachobaki ni ardhi yenyewe. Tarehe 22 Mei 2021 mlima wa volkeno wa Nyiragongo ulilipuka, na siku zilizofuata matetemeko yakapasua nyumba na barabara Gisenyi. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua ikaua zaidi ya watu 130 nchini, wengi wao magharibi. Mto Sebeya ukavunja kingo zake ndani ya Rubavu. Mkongo uliozikwa kando ya barabara hufa pamoja na barabara. Na hatari haiko milimani tu: tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini siku moja, na Rwanda ikawa miongoni mwa nchi zilizoyumba. Kasi ya mwaka mzima hupimwa pia kwa siku ambazo ilikuwa sifuri.

Njia ya pili ya kutoka Rubavu ni kusini, kando ya ziwa hadi Karongi, kisha Muhanga na Kigali. Ni ndefu zaidi, lakini haitegemei mlima ule ule wala daraja lile lile. Kwa kampuni moja, kuikodi kwa ajili ya dharura tu ni mzigo. Kampuni mbili zenye njia tofauti zinaweza kubadilishana: huyu ampe yule rangi moja kupitia Musanze, yule amrudishie rangi moja kupitia Karongi. Zote mbili zipitishe data kila siku badala ya kusubiri janga, kila njia isizidishwe nusu ya uwezo wake, ili moja ikifa nyingine ibebe yote. Gharama ni transiva chache, matundu machache kwenye visanduku ambavyo tayari vimefungwa, na mkataba wa kurasa chache unaotaja nani anakwenda kuunga uzi saa nane usiku, kwa muda gani, na kwa gari la nani.